BARUA YA WAZI KWA MKUU WA POLISI WA WILAYA: Mwanangu alilala kituoni kwenu usiku mzima huku mimi naambiwa nisubiri masaa 24

Kwa: Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD)
Nakala: Mkuu wa Kituo, Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya

YAH: MTOTO ANAPOPOTEA NA KAUNTA INAYOSEMA "NENDA KASUBIRI"

Mheshimiwa Afande,

Shikamoo. Najua barua kama hii ilitakiwa ije ofisini kwako kimya kimya, na kweli ilikuja, mara mbili. Ya kwanza nilileta mwezi wa kwanza ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ya pili mwezi wa tatu, nikaambiwa iache hapo mama utapigiwa. Mpaka leo sijapigiwa. Nimekuja mwenyewe mara tatu, mara ya kwanza ulikuwa kikaoni, mara ya pili ulikuwa kikaoni, mara ya tatu dada wa mapokezi akaniuliza kwani mtoto si alipatikana? Nikamwambia ndio alipatikana. Akasema sasa unataka nini tena mama, shukuru Mungu. Mungu namshukuru kila siku afande, na maswali yangu bado ninayo, ndo maana leo naandika hapa ambapo kila mtu anaona.

Sitataja jina la kituo wala la askari yeyote. Wenyewe mnajijua, na mimi sitafuti mtu afukuzwe kazi, ana watoto huyo pia. Nataka utaratibu ubadilike kabla haijamkuta mama mwingine wa hapa Dar ambaye hatakuwa na bahati niliyokuwa nayo mimi.

Ilikuwa hivi. Jumamosi, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, saa kumi na nusu jioni, nipo uani nafua, mdundiko ukapita. Kwa wasio wa huku kwetu, mdundiko ni ngoma ya kutembea, watu wanamtoa mwali au wanasindikiza harusi, ngoma mbele, akina mama nyuma, na watoto wa mtaa mzima wanaunga tela. Mi mwenyewe niliufuata nikiwa mdogo nikachapwa nikarudia tena. Mwanangu ana miaka mitano, ndo kitinda mimba wangu, akatoka na wenzake wanne. Wenzake waliishia pale kona dukani kwa Mangi wakarudi. Yeye akaenda na ngoma.

Saa kumi na moja na robo ndo nikashtuka kwamba sauti yake siisikii. Mwenye mtoto wa miaka mitano anajua, ukiona kimya ujue kuna jambo.

Tukaanza kutafuta. Ndani kwanza, chini ya vitanda, nyuma ya kabati, kwenye mapipa ya maji, maana watoto wanajificha afu usingizi unawachukua hukohuko. Mi nilishataka kukimbilia barabarani na kanga moja, jirani yetu mmoja mzee, fundi cherehani, akanishika mkono akasema usikimbie, tuangalie kwanza vitu vinavyoua haraka. Akawagawa vijana. Wawili kwenye kisima cha ile nyumba ambayo haijaisha, mmoja kwenye shimo la choo jipya, wengine mtaroni maana vuli ilishaanza na ule mtaro maji yakija hayana mchezo, mmoja akafungue milango ya lile gari bovu lililolala nje ya gereji miaka yote, maana mtoto akijifungia mle joto linaweza kumuua, na joto la hapa mnalijua. Naandika haya kirefu makusudi, nataka mzazi anayesoma ajue mzee yule alifanya kwa dakika kumi kazi ambayo mimi nisingeifanya, akili yangu ilishahama. Dada yangu akaambiwa abaki nyumbani asitoke hata kidogo, kwa sababu mtoto anaweza akarudi mwenyewe akakuta mlango umefungwa akaondoka tena. Imamu wa msikiti wa jirani akatangaza kwenye kipaza sauti kabla ya magharibi na akatangaza tena baada ya swala, hakuniuliza dini yangu wala hakuomba barua. Mwenye grosari akazima mziki wake, Jumamosi jioni, saa ya mauzo.

Saa 12:40 nikafika kwenye kaunta yenu. Hapa ndo malalamiko yanaanza.

1. MASAA 24

Askari wa zamu alinisikiliza huku anaangalia simu. Akaniuliza amepotea lini, nikamwambia leo saa kumi na nusu. Akaangalia saa ya ukutani. Akasema, "Mama, hiyo bado. Nenda kasubiri, yakifika masaa 24 hajarudi ndo uje tufungue jalada. Watoto wa siku hizi hao, yupo kwa jirani anaangalia katuni."

Nikamwambia afande ana miaka mitano. Akasema hata kama.

Sasa nauliza, na nimeuliza kwenye barua zote mbili: hayo masaa 24 yameandikwa wapi? Nionyeshwe kifungu. Kila mtu anayajua, kuanzia askari mpaka muuza vocha, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha yametoka wapi. Wengine wanasema ni ya kwenye muvi za Kimarekani. Haya, shemeji yangu anaishi hukohuko Marekani nikamuuliza, akaniambia kule sheria ya mwaka 1990 inawakataza kabisa polisi kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea. Yaani tumeiga kitu ambacho wenyewe walishakipiga marufuku miaka zaidi ya thelathini iliyopita.

Na kuna sababu ya kukipiga marufuku. Jimbo la Washington hukohuko Marekani walifuatilia kesi za watoto waliotekwa na kuuawa, ripoti ya mwaka 2006 ikaonyesha asilimia 76 ya watoto hao waliuawa ndani ya masaa matatu ya kwanza. Matatu afande. Najua kesi za hivyo ni chache sana, watoto wengi wanaopotea wanakuwa wamepotea tu kama wangu, wamefuata ngoma au wamepanda daladala na mtu siye. Lakini pale kaunta saa 12:40 nani alikuwa anajua mwanangu yupo kundi gani? Mimi sikujua, askari naye hakujua, na yeye ndo alichagua kukaa.

Na sisi sio nchi ambayo haya hayajawahi kutokea. Mwanzoni mwa 2019 Njombe watoto walikuwa wanapotea, miili inakuja kuokotwa. Mwaka 2024 kule Muleba mtoto mwenye ualbino, miaka miwili tu, alichukuliwa mwishoni mwa Mei mikononi mwa mama yake, mwezi Juni ukapatikana mwili. Mzazi wa Kitanzania akikuambia simuoni mwanangu haya ndo yanampita kichwani wakati wewe unamwambia katuni.

2. SIMU AMBAYO HAIKUPIGWA

Hili ndo kubwa, mengine yote ungeweza hata kuyaruka ukasoma hili.

Mdundiko ulikwenda mbali, ukavuka barabara kubwa, ukaishia kwenye nyumba ya sherehe mtaa wa tatu kutoka kwetu. Giza likaingia, watu wakatawanyika, mwanangu akabaki amesimama karibu na meza ya mama mmoja anayekaanga mihogo. Yule mama akamuuliza unakaa wapi? Akasema kwa mama. Mama yuko wapi? Nyumbani. Nyumbani wapi? Karibu na kwa Mangi. Jamani Dar es Salaam hii kuna mtaa gani hauna Mangi? Yule mama, Mungu ambariki, akafunika karai lake, akamshika mkono akampeleka kwenye kituo kidogo cha polisi cha karibu na pale. Nacho ni kituo chenu, wilaya hiyohiyo, kipo chini yako.

Nimeliona daftari kwa macho yangu. Mstari umeandikwa kwa kalamu ya bluu: mtoto wa kiume, kaokotwa, umri kama miaka 4, fulana ya njano, kaptula ya jinzi, hana viatu. Saa 1:50 usiku.

Saa 1:50 usiku mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye benchi la kituo chenu kikubwa. Niliondoka pale saa 2:20. Kwa nusu saa nzima mimi nipo kaunta moja nalia natafuta mtoto na mwanangu yupo kaunta nyingine analia anatafuta mama, na katikati yetu kuna kilomita mbili na nusu, nimepima mwenyewe kwenye ramani ya simu. Wote tupo mikononi mwa polisi. Hakuna aliyeinua simu kuuliza "jamani huko kuna mtoto kaokotwa?" na kule hakuna aliyeinua simu kuuliza "jamani huko kuna mzazi kaja?"

Nilikuja kumpata saa tatu na dakika tano asubuhi. Fanya hesabu. Masaa 13 na robo.

Na aliyenipatia sio polisi. Ni kijana wa bodaboda, kwenye grupu lao la WhatsApp mtu wa kijiwe chetu alirusha picha ya mwanangu usiku ule, asubuhi kijana wa kijiwe cha upande wa pili akaamka akaiona akaandika, "huyu dogo mbona jana mama mihogo kampeleka kituoni." Sentensi moja! Bodaboda ambao kila siku mnawakamata kwa kofia ngumu wana mtandao unaofanya kazi kuliko wa kwenu, na wanajilipia bando wenyewe.

Nisikilize vizuri hapa maana nataka kuwa mkweli. Kile kituo kidogo walimtunza. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye benchi amevaa sweta la afande mmoja wa kike, mikono mirefu inaburuza, mkononi ana nusu chapati, na chai kwenye kikombe cha plastiki. Yule dada alimpa kitanda chake cha zamu yeye akalala kwenye kiti. Nilimpigia magoti. Yeye mwenyewe akaniambia, mama mi nilijua lazima kuna mtu anamtafuta ila huku hatukuwa na taarifa yoyote. Kweli hawakuwa nayo. Taarifa ilikuwa haijaandikwa popote maana masaa 24 yalikuwa hayajafika.

3. BARUA, MUHURI NA MAFUTA

Nilipong'ang'ana pale kaunta nikaambiwa basi ulete barua ya serikali ya mtaa na picha mbili za pasipoti za mtoto. Mtoto wa miaka mitano picha za pasipoti saa moja usiku Jumamosi? Nina picha mia kwenye simu, hiyo ya siku ileile asubuhi kavaa fulana hiyohiyo ya njano, nikaambiwa ya kwenye simu hapana.

Mume wangu akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti (nakuheshimu sana mzee wangu na nakala ya barua hii unayo) alikuwepo, ila muhuri upo ofisini, ufunguo wa ofisi anao mtendaji, mtendaji anakaa Kibaha. Mwisho barua ikapatikana saa tatu usiku na ikatakiwa elfu tano ya muhuri. Tukatoa. Ukiwa unatafuta mtoto hubishani bei.

Tuliporudi na barua tukaambiwa gari halina mafuta. Nikatoa elfu ishirini, risiti sikupewa wala sikuomba. Gari sikuliona usiku ule, hata taa zake.

Mheshimiwa Mwenyekiti na Mtendaji, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda watoto walioko kwenye maeneo yao. Mtoto aliyepotea usiku ni wa kwenu kabla hajawa wa polisi. Elfu tano ya muhuri inaingiaje hapo?

4. DAWATI

Mna dawati la jinsia na watoto, limechorwa vizuri ukutani na maua. Lilikuwa limefungwa. Nikaambiwa anayehusika ametoka atakuja Jumatatu. Sina mengi ya kusema hapa, watoto wanapotea zaidi wikiendi na sikukuu, nendeni ufukweni siku ya Idi au Pasaka mkaone.

Na namba 116, ile ya bure ya kusaidia watoto, nimekuja kuijua wiki mbili baadaye kwa mwalimu wake wa chekechea. Pale kaunta kwenu ukutani kuna bango la matairi, bango la benki, na kalenda ya mwaka juzi. 116 haipo.

5. MATAPELI

Hili sio kosa lenu lakini linatokana na ninyi kutokuwepo. Tulipoona polisi hawasogei tukasambaza picha kila mahali na namba yangu chini. Saa nne na nusu usiku ikapigwa simu, mwanaume, sauti ya upole kabisa: mama mtoto ninaye, nimemkuta Ubungo, analia, nitumie laki mbili ya matibabu ameumia mguu, tuma kwenye namba hii jina litakuja tofauti usiogope. Mikono yangu ilishafungua menyu ya kutuma pesa. Mume wangu akaninyang'anya simu akamuuliza, mkono wa kushoto ana nini? Jamaa akasema hana kitu. Mwanangu ana kovu la uji kuanzia kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja, na hilo kovu hatukuliandika kwenye tangazo. Jamaa akakata.

Wazazi, hili mlishike: kwenye tangazo andika nguo, umri, alipoonekana mara ya mwisho na saa ngapi, ila alama moja baki nayo moyoni. Hiyo ndo itakayokutenganishia mkweli na mwizi. Na akipatikana rudi kila ulipoweka ile picha uandike AMEPATIKANA, mi mpaka mwezi uliopita kuna mtu Morogoro alinipigia kunipa pole.

Ile namba ya tapeli niliileta kituoni Jumatatu. Ikaandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kipande hicho sijui kiko wapi.

SASA NAJUA MTAKAVYOJIBU

Mtasema mzazi alikuwa mzembe. Sawa, nakubali, nilikuwa nafua na sikuangalia geti, hilo nitalibeba mwenyewe na usiku bado nalibeba, nashtuka naenda kumpapasa kama yupo. Lakini uzembe wangu ulikuwa wa dakika 45, wenu ni wa masaa 13. Na hata mtoto wa mzazi mzembe ni mtoto.

Mtasema mngeandika kila mtoto aliyechelewa kurudi madaftari yangejaa. Yajae. Daftari kubwa ni shilingi ngapi? Nitanunua mimi, niambie nilete mangapi.

Mtasema askari ni wachache na mafuta ni ya mgao. Naamini kabisa, nimeona hali ya kile kituo kidogo, yule dada analala zamu kwenye chumba ambacho dari linavuja. Lakini mimi sikulalamikia gari. Simu ya kutoka kituo A kwenda kituo B haili mafuta, na kila askari pale kaunta alikuwa na simu mkononi. Mmoja alikuwa anaangalia mpira.

Mtasema kusambaza picha kunaleta taharuki, watu wasio na hatia wanapigwa kwa kudhaniwa wezi wa watoto. Hii hoja ina ukweli na siichukulii poa, usiku ule kulikuwa na vijana wameshaanza kumzonga mzee mmoja muuza vyuma chakavu eti gunia lake zito, mzee wa watu, bahati fundi cherehani alikuwepo akawatawanya. Sasa unadhani ile hasira ilitoka wapi? Ilitoka pale tuliporudi mtaani tukasema polisi wamekataa kuandika. Angekuwepo askari mmoja anasema sisi tunafuatilia, pita huku, wewe pita kule, yule mzee asingeguswa.

Na mtasema alipatikana. Hilo nimeshalisikia kwa kila niliyekutana naye hapo, na kila mara linasemwa kama vile ni ninyi mlimpata.

NINACHOOMBA

Sio mengi na mengi yake hayana gharama.

1. Toa maagizo ya maandishi kwa vituo vyote vya wilaya yako: taarifa ya mtoto kupotea ipokelewe na iandikwe dakika ileile, mzazi apewe RB yake (namba ya taarifa), bila barua, bila picha ya pasipoti, picha ya kwenye simu itoshe. Hayo maagizo yabandikwe kaunta upande wa nje, upande tunaosimama sisi, ili askari akisema masaa 24 mama anyooshe kidole ukutani.

2. Ndani ya dakika 15 kaunta iliyopokea ipigie vituo vyote vya jirani, na kituo kilichopokea mtoto wa kuokotwa kifanye hivyohivyo. Kama ni grupu la WhatsApp la makaunta sawa, kama ni redio zenu za upepo sawa. Watoto waliopotea na watoto waliookotwa waandikwe kwenye daftari moja kurasa zinazotazamana. Yule mtoto wa "miaka kama 4" na yule wa miaka 5 wangekutana pale kwenye karatasi usiku uleule.

3. Dawati la watoto liwe na mtu wa zamu Jumamosi, Jumapili na sikukuu, hata kama ni kwa simu, namba yake iandikwe mlangoni.

4. Bango la 116 na 112 (ya dharura ya polisi) kaunta, ofisi ya serikali ya mtaa, stendi, na kwenye shule za chekechea. Chapa niko tayari kugharamia kwa mtaa wetu, nina risiti za matangazo niliyochapisha usiku ule, bei naijua.

5. Mwenyekiti na Mtendaji: barua ya mtoto aliyepotea iwe bure na muhuri ukae anapolala mtu. Pia wekeni orodha ya watu wa kupigiwa kwanza, viongozi wa vijiwe vya bodaboda na bajaji, maimamu na wachungaji wenye vipaza sauti, makonda wa kituo cha daladala. Watu hawa usiku ule walikuja wenyewe bila kuitwa, ila tulipoteza saa nzima kutafuta namba zao.

6. Elfu ishirini yangu ya mafuta sitaki nirudishiwe. Nataka nijue iliingia kwenye gari gani.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, au uje mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa useme mbele ya watu, viti tutaandaa na chai ipo. Usipojibu nitaipeleka kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC) pamoja na nakala za barua zangu mbili zenye mihuri yenu, na huko nako nitakaa kwenye benchi, nimeshazoea.

Yule dada afande wa kituo kidogo, kama inasomeka mpaka huko: sweta lako nimelifua, mwanangu hataki kulitoa, anasema ni la polisi wake. Tutalileta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mzazi

Simu yangu mnayo. Ipo kwenye barua zote mbili, na ipo kwenye daftari la kaunta, iliandikwa Jumapili saa nne asubuhi nilipokuja kuwaambia msiendelee kutafuta, askari akafungua ukurasa mpya ndo akaandika kwa mara ya kwanza jina la mwanangu.